Mwaija Alivyoijaza Ndege ya Pemba

Mtu akikuambia kwamba Mwaija binti Sufiani wa Manundu, Korogwe, aliwahi kuijaza ndege kwa simu tu, pasipo abiria kuinua mguu, usimbishie. Mwenyewe ndiye anayekisimulia kisa hiki kuliko mtu mwingine yeyote, na akikaribia pale pa kuchekwa hukohoa kidogo, ili wasikilizaji wajiweke sawa.

Kazi yake ni kukodisha vyombo vya shughuli: maturubai, viti vya plastiki, majamvi, na yale masufuria makubwa ambayo mtoto wa darasa la kwanza akiingia ndani haonekani. Arusi haipiti Manundu, wala hitima, bila sufuria la Mwaija kukaa jikoni. Na sufuria likitoka, mwenyewe yupo nyuma yake, maana sufuria halina masikio na habari za watu hazijibebi. Nyumbani kwake jamvi la ukumbini halikunjwi. Anayetoka sokoni atapita, anayekwenda sokoni atapita, na asiyekwenda popote ndiye anayekaa zaidi. Mumewe, Mdoe, alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kuchakata mkonge kule Ngombezi mpaka akastaafu. Husema kelele za kiwandani zilimwandaa vizuri kwa ndoa.

Katika kazi hiyo ya vyombo Mwaija alikuwa na ufundi wake mmoja. Shughuli, alisema, haijazwi na watu. Hujazwa na watu walioona watu. Kwa hiyo akimaliza kupanga viti huwaita majirani wakae mbele mapema, na viti vinavyobaki huvitandikia khanga, kila kiti khanga yake, kana kwamba mwenye kiti kaenda kunawa mikono. Mgeni akichungulia anaona pamejaa, anaogopa kupitwa, anaingia. Khanga za Mwaija zilikwisha kuziokoa arusi kadhaa ambazo zingebaki na bibi harusi, bwana harusi na mpiga picha.

Sasa, Mwaija ana binti mmoja, Shamimu, aliyeolewa Wete, Pemba, na kijana mpole aitwaye Hussein. Hussein alikuja Korogwe kununua machungwa, akaondoka na machungwa na ahadi ya mke. Mwaka huu Shamimu alikuwa na mimba ya kwanza, tena kubwa, ile ya kushika kiuno akisimama. Na huku kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Hilo halina kikao. Mwaija alikwisha kununua godoro jipya, pilipili manga ya kutia kwenye uji wa mzazi ilikwisha kusagwa, na mkunga mstaafu wa mtaa wa pili alikwisha kukumbushwa mpaka akaanza kupita njia nyingine.

Hussein alikubali mkewe aje, ila kwa sharti moja: kwa ndege. Shamimu na bahari walikwisha kuachana siku ile ile aliyopelekwa kwa mumewe. Alitapika toka Tanga hadi Pemba, na wifi zake walipompokea hawakujua waanze kumpigia vigelegele au kumpa ndimu. Kwa mimba hii, boti haikuzungumzwa. Lakini ilikuwapo ndege ndogo ya kampuni ya Kipungu, ya viti kumi na viwili, iliyokuwa ikitoka Tanga kwenda Pemba na kurudi kila Jumanne na Ijumaa. Shamimu alikuwa akingoja ruhusa ya daktari tu ndipo akate tiketi.

Mwaija aliipenda hiyo ndege kuliko waliowahi kuipanda. Hakusema tena "Shamimu anakuja." Alisema "Shamimu anatua." Ukimsalimu sokoni, shikamoo yako ilijibiwa "marahaba, tunangoja atue." Hata muuza nyanya alijua.

Aliyekuwa haipendi safari hiyo ni mkwe wake wa Wete, Bi Faudhia, mama yake Hussein. Yeye alipiga simu kila baada ya siku mbili, sauti yake tamu kama halua, na ndani ya halua mna kokoto.

"Mkwe wangu, sisi huku hatuna neno," alisema. "Ila hospitali ipo, wakunga wapo, na mimi nipo. Huko kwenu nasikia mbu wanapangisha vyumba."

"Mbu wetu wana adabu, mkwe," Mwaija alimjibu. "Wanaanza na wageni."

Mambo yalikuwa yamefika hapo, Jumamosi moja asubuhi, Clinton alipoingia uso umemshuka. Clinton ni mtoto wa Raheli, shoga yake Mwaija, Msambaa wa Dindira aliyeshuka mlimani zamani kwa kuolewa na hajaacha kulisema joto la Korogwe mpaka leo. Kijana huyo alikuwa kwenye kaunta ya Kipungu pale uwanja wa ndege wa Tanga. Yeye ndiye anayepokea simu, anayepima mizigo, na siku nyingine ndiye anayefukuza mbuzi karibu na uzio.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umenuna, mwanangu? Kuna msiba?" Mwaija akauliza, na mkono wake ulikwisha kuuelekea ufunguo wa stoo ya masufuria.

"Afadhali ungekuwa msiba. Wakubwa wanataka kuifuta njia ya Pemba. Wanakaa Jumatatu."

"Kuifuta? Kwa nini?"

"Abiria hakuna, mama. Ijumaa tumepeleka watu wawili na katoni la vifaranga."

"Vifaranga walikaa dirishani?" Mdoe akauliza.

"Mzee, siyo utani. Jumatatu wataangalia nafasi zilizoshikwa kwa wiki zinazokuja. Zikiwa chache, ndege inapelekwa kule kwa watalii. Hata hii Jumanne inaweza isije."

Mwaija alikaa. Alikuwa mtu wa kukaa kwa kishindo, lakini siku ile alikaa taratibu, kama jamvi lina miiba. Aliona godoro jipya halijalaliwa. Aliona mjukuu wake wa kwanza akifungua macho na uso wa kwanza kuuona ni wa Bi Faudhia. Aliona, na hili analikiri bila kuulizwa, jinsi muuza nyanya atakavyomwuliza, "Ameshatua?"

"Hebu niambie," akasema polepole. "Hizo nafasi zinashikwaje?"

"Kwa simu. Watu wa huku wengi hawana kadi za benki, kwa hiyo unapiga kaunta, unataja jina na siku, naandika. Hela unalipa ukifika uwanjani."

"Ukifika."

"Ndiyo, ukifika."

Clinton alipokwisha kwenda, Mwaija akamgeukia Raheli, aliyekuwa ameketi jamvini tangu asubuhi. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Shoga. Ndege ni nini?"

"Mimi naijua ikipita juu."

"Ndege ni shughuli. Viti kumi na viwili, wageni hawajafika, na wakubwa wanachungulia mlangoni. Unafanyaje?"

Raheli alifikiri kidogo, kisha akapiga makofi. "Unatandika khanga!"

Mdoe alitikisa kichwa akatoka nje kwenda kuangalia mbuzi, ambao walikuwa hawana tatizo lolote.

Basi Jumamosi ile na Jumapili yake, simu ya kaunta ya Kipungu haikupumua. Wanawake wa kikundi chao cha shughuli walipiga mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti ya kujiheshimu. Mwatumu, muuza vitumbua wa stendi, alishika nafasi ya Jumanne. Maryamu, mdogo wake Mwaija aliyeolewa Handeni, alishika nafasi ya Ijumaa, halafu akashika na ya shemeji zake. Mwaija mwenyewe alipiga mara nyingi, akikaza sauti, akilegeza sauti, mara nyingine akipitisha sauti kwenye kitambaa; alitoa majina ya watu wa Korogwe, ya watu wa Handeni, na majina yalipomwishia alirudi nyuma kwenye ukoo. Na wote walishika kwenda na kurudi, maana nani aende Pemba asirudi? Mtu mzima hafanyi safari nusunusu.

Jumatatu mchana Clinton alipiga, anapumua kama aliyekimbia.

"Mama! Njia imebaki! Ndege zimejaa, Jumanne, Ijumaa, mpaka wiki zile za mbele! Wakubwa wameshangaa. Meneja wa safari, dada Yasinta, kesho anakuja na ndege yenyewe awaone abiria."

"Mwanangu, si nilikwambia Mungu yupo?" alisema Mwaija, ambaye hakuwa amemwambia neno hilo.

Alikata simu akajipitisha nyumba kwa nyumba, bega juu. Akamtania Mdoe kwamba kama wizara ya uchukuzi ingekuwa na akili ingemwita. Alikuwa bado anatembea hivyo hivyo, kikombe cha chai mkononi, Shamimu alipopiga.

"Mama, nimepata ruhusa ya daktari."

"Alhamdulillahi!"

"Ila amesema mwisho Jumamosi hii. Ikipita hapo nisipande ndege tena. Tumekwenda kwa wakala hapa Wete kukata tiketi, mama, amesema hakuna kiti. Kutoka huku kuja Tanga kumejaa kote, kesho na Ijumaa. Watu gani hawa wote wanakwenda Tanga?"

Chai ilikuwa inamwagikia Mwaija mguuni na hakuisikia.

"Mama Hussein anasema basi ni kudra," Shamimu akaendelea, na sauti ikamkatika. "Amekwisha kunipangia chumba. Mama, mimi nilitaka nizalie nyumbani."

"Na utazalia nyumbani. Usilie, mwanangu, utamtia mtoto huzuni. Niachie mimi."

"Niachie mimi" ni neno ambalo Mdoe, akilisikia, huanza kutafuta viatu vyake.

Kwanza Mwaija alimpigia Clinton, akazunguka mbali. "Hivi baba, ndege ikijaa kabisa, hakuna kile kiti cha kukunja cha katikati?"

"Mama, hiyo ni Coaster."

Akaona basi, njia ni moja: watu waziachie nafasi, mmoja mmoja, kimya kimya, kama walivyozishika. Alianza na mdogo wake wa Handeni.

"Dada, haiwezekani," Maryamu alisema. "Chanika nzima huku Handeni inajua nasafiri Ijumaa. Mume wangu tangu jana ananiita 'abiria'. Mara ya mwisho kuniita jina zuri tulikuwa bado wachumba."

"Maryamu, husafiri! Tulikubaliana ni khanga tu!"

"Najua sisafiri. Lakini Ijumaa bado, dada. Niache nifaidi mpaka Alhamisi."

Mwatumu alikwisha kusuka. Alisema nywele hazifumuliwi kwa maneno. Mwingine alikuwa ameazima sanduku kwa jirani, na jirani amelitia uvumba. Mwingine aliuliza kwa nini aanze kuachia yeye na si Mwatumu. Mwaija, aliyewafundisha mwenyewe kwamba mwenye khanga yake kitini haondolewi hata na mgeni rasmi, alikuwa amewafundisha vizuri mno.

Akaenda kwa Raheli. Alimkuta anapiga pasi gauni.

"Shoga, wewe angalau niachie yako, kwenda na kurudi. Shamimu hana kiti."

Raheli aliweka pasi chini. "Mwaija, mimi jana nimeaga kanisani."

"Umeaga nini?"

"Nilisimama kwenye matangazo nikasema nasafiri kwenda Pemba kwa ndege, mniombee. Nilidhani ni mzaha, shoga, lakini mchungaji akaniita mbele. Nikawekewa mikono. Watu wamelia. Sasa leo nikaonekane sokoni nachagua bamia? Mtu aliyewekewa mikono?"

"Kwa hiyo unakwenda kweli?"

"Sina budi. Kwaya imenichangia nauli."

Mwaija alirudi nyumbani akamkuta Mdoe ameketi. Akamweleza yote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kwa kawaida humweleza nusu na nusu nyingine anaisikia msikitini.

"Mama Shamimu," Mdoe alisema, "umejaza nyumba mpaka mwenye nyumba amekosa pa kuingia."

"Nicheke au nilie?"

"Anza na kwenda Tanga. Utachagua njiani."

Jumanne asubuhi Mwaija alipanda basi la Tanga peke yake, naye hajawahi kupanda basi asishuke na marafiki wawili. Safari hii hakusemezana na mtu. Segera ikapita, Muheza ikapita, na maneno ya kumwambia Clinton bado yalikuwa hayajapangika.

Alipofika uwanjani alifika shughulini. Ndege ilikuwa imekwisha kutua, nyeupe, ndogo kuliko alivyoitangaza. Kwenye mlango wa ukumbi wa abiria pametundikwa kitambaa kilichoandikwa "Karibuni Abiria Wetu". Mezani pana sinia la chupa za maji, kumi na mbili. Karibu na meza amesimama mwanamke kijana mwenye suti ya bluu, tabasamu limemkaa usoni kwa muda mrefu hata limeanza kuchoka. Huyo ndiye Yasinta. Na pembeni yuko Raheli na gauni lake lililopigwa pasi, na nyuma ya Raheli kwaya nzima iliyokuja kumsindikiza, wanaimba. Abiria mmoja, wasindikizaji kumi na saba.

"Karibu sana, mama," Yasinta alimwambia Mwaija. "Wewe ni nani kati ya abiria wetu?"

"Mimi... shikamoo," Mwaija akasema, akimwamkia mtu ambaye yeye mwenyewe angeweza kumzaa.

Yasinta alicheka kwa adabu. "Marahaba ni yako, mama. Hao wengine wako njiani?"

Neno la kujibu lilikuwa tayari mdomoni. "Wapo njiani" ndilo neno la kazi yake Mwaija. Maisha yake yote amewaambia wapishi, masheikh, wapiga ngoma na mabwana harusi kwamba watu wapo njiani, na wakati anasema hivyo watu bado wanatafuta sabuni. Angelisema, ndege ingengoja kidogo, kisha ingeruka, na Yasinta angerudi kwa wakubwa akiwatetea watu wa Korogwe kwamba wamechelewa tu. Njia ingebaki wiki moja mbele. Na Ijumaa, viti vyote vikiwa na majina, Shamimu angebaki Wete, ameshika kiuno, akiangalia ndege tupu ikipaa.

"Mwanangu," Mwaija akasema, "hawako njiani. Wako kwao wanamenya mihogo."

Kwaya ilikuwa ikimaliza ubeti, na neno lile likaangukia kwenye kimya.

Yasinta akatazama karatasi aliyoishika. "Sijaelewa. Semboja?"

"Yuko Dindira. Huyo hata ngazi ya kuezekea nyumba inamtoa jasho."

"Mdoe?"

"Mume wangu. Hajui kama anasafiri."

"Sufiani?"

"Baba yangu."

"Naye yuko nyumbani?"

"Yuko kaburini, Mungu amrehemu. Majina yalikuwa yananiishia."

Mtu wa sauti ya nne kwenye kwaya aliguna, akajifanya anakohoa. Yasinta hakucheka. Alimgeukia Clinton, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kaunta kama mtu aliyepimwa uzito akazidi.

"Clinton, ulijua?"

"Hakujua," Mwaija akawahi. "Mama yake alijua, mimi nilijua, Korogwe ilijua mpaka mwisho wa lami. Yeye peke yake alikuwa kazini. Kama kuna wa kufukuzwa nifukuzeni mimi, ingawa hamjaniajiri."

"Mama," Yasinta akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka, si ya ukali, "jana nilisimama mbele ya watu ambao walikwisha kuamua. Nikawaambia hapana, kule kuna watu. Nikawaonyesha majina haya. Nilijisikia vizuri sana jana."

Mwaija alizipanga upya chupa za maji zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Kisha akasema, "Nilidhani wakiona pamejaa, watu wa kweli watakuja. Arusini huwa wanakuja."

"Na mtu wa kweli alipokuja?"

"Alikuwa ni mwanangu. Akakuta pamejaa."

Akamweleza habari ya Shamimu, na mimba, na Jumamosi ya daktari. Hakuweka chumvi, hata Raheli alishangaa. Yasinta alisikiliza, kisha akaichukua kalamu ya Clinton na kuanza kukata majina, mstari mmoja mmoja. Alipofika kwa marehemu mzee Sufiani alisita kidogo, kama anayeomba radhi, akakata.

"Ijumaa mwanao ana kiti," alisema. "Viti vipo tele. Lakini njia hii sitaweza kuitetea tena, mama. Mwisho wa mwezi ndiyo basi."

"Na Clinton?"

"Clinton kazi yake aliifanya."

Raheli akaondoka siku ile ile, peke yake na Yasinta ndani ya ndege, kwaya ikipunga leso. Shamimu angempa pa kulala mpaka Ijumaa, kisha waje pamoja. "Maombi hayarudishwi, shoga," alimwambia Mwaija mlangoni.

Habari ilifika Korogwe kabla ya Mwaija. Hakushangaa, yeye mwenyewe ndiye aliyeutengeneza mji wa namna hiyo. Alishuka stendi, Mwatumu akamwita toka kwenye karai la vitumbua: "Mwaija! Mzee Sufiani hajambo? Ameshatua?" Stendi nzima ikacheka, na wapiga debe wakaacha kuita abiria, wakaanza kumwita yeye kwa majina ya marehemu wao. Maryamu alipiga kutoka Handeni akilia kwamba mumewe amerudi kumwita "wewe". Jioni ile watu walijaa nyumbani kwa Mwaija kuliko arusi yoyote, bila khanga hata moja kutandikwa, kila mtu anataka kukisikia kisa kutoka kwa mwenyewe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikohoa, akaanza, na alipofika pa "shikamoo" kwa Yasinta, Mdoe alicheka mpaka akatolewa nje kupepewa. Clinton tu ndiye hakuja. Alikaa siku mbili bila kukanyaga, na Mwaija kila aliposikia hatua mlangoni alitazama.

Ijumaa Mwaija alitaka kwenda Tanga kimya kimya na Mdoe. Haikuwezekana. Coaster ilijaa watu waliosema wanakwenda kumpokea Shamimu, ingawa ilikuwa wazi wanakwenda kuiona ndege ya Mwaija. Walisimama kwenye uzio, ngoma mbili, Mwatumu na misuko yake ya safari. Clinton akatoka nje, akamwona, akasimama mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Mwaija akasema. "Marahaba sana."

Ndege ikatua. Mlango ukafunguka. Wa kwanza kushuka alikuwa Raheli, kichwa juu kama aliyezaliwa angani, kifurushi cha karafuu mkononi. Wa pili alikuwa Shamimu, taratibu, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia, na Mwaija akapiga kigelegele kilichomfanya rubani ageuke.

Kigelegele kilikuwa bado kinapaa alipomwona wa tatu. Buibui jeusi la kung'aa, mkoba, mkoba mwingine, ndoo yenye mfuniko, na mto wa kulalia uliofungwa kamba.

"Mkwe wangu!" Bi Faudhia aliita kutoka ngazini. "Nilimsindikiza Shamimu kukata tiketi, nikaambiwa viti vitupu havina mwenyewe! Nikasema ah, kwa nini nibaki?"

"Karibu, mkwe," Mwaija alisema. Uso wake ulijitahidi. "Umekuja kututazama?"

"Nimekuja mpaka arobaini."

Nyuma yake Coaster nzima ilikuwa imenyamaza kwa furaha.

"Na kurudi?" Mdoe akauliza kwa upole.

"Kwa ndege, baba. Mimi boti sipandi, moyo hautaki."

Clinton alikohoa. Akaeleza habari ya mwisho wa mwezi. Bi Faudhia alimsikiliza mpaka mwisho, akaukabidhi mto kwa Mdoe, akasema, "Basi nitangoja waanze tena."

Kufikia Jumapili alikwisha kuipanga upya stoo ya masufuria. Alikwisha kuuonja uji wa mzazi na kutoa hukumu. Lakini kubwa ni kwamba alikuwa na habari: za Wete, za Chake, za watu ambao Korogwe haijawahi kuwasikia na sasa haiwezi kulala bila kujua kama waliachana. Majirani walioketi upande wa Mwaija wa jamvi walisogea kidogo kidogo kuelekea upande wa Bi Faudhia, na Mwaija, katika ukumbi wake mwenyewe, akajikuta akinyoosha shingo nyuma ya Mwatumu ili asikie.

Akatoka uani na simu.

"Mama Mwaija," Yasinta akapokea, "tafadhali usiniambie una majina."

"Sina. Nina swali. Mkitaka kuiacha njia, lazima mwisho wa mwezi huu? Haiwezi kuwa mwisho wa ule mwingine?"

"Kuna abiria?"

"Yupo mmoja. Nakuapia yupo, ndani kwangu, namsikia anacheka."

Upande wa pili Yasinta naye akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amekizuia tangu Jumanne. Mwaija akataka kumweleza habari ya mto, lakini sauti ya Shamimu ikatoka chumbani: "Mama! Njoo umsikie mtoto anavyocheza! Njoo upesi!"

Simu akaiacha juu ya pipa la maji, Yasinta bado yumo. Alikimbia na miaka yake yote. Jamvi zima lilikuwa limeinuka, mlango umejaa migongo, akapenya chini ya kwapa la Raheli mpaka kwenye godoro jipya. Mkono wa Bi Faudhia ulikuwa umekwisha kuwahi, umetanda juu ya tumbo lote.

"Sogea kidogo, mkwe," Mwaija akasema.

Bi Faudhia akasogea. Kidogo.